Barua ya wazi kwa wenye redio: tuachieni wimbo ufike mwisho

Kwa wakurugenzi, mameneja wa vipindi na watayarishaji wa redio zinazopiga taarab asilia, Unguja na Pemba, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na popote mawimbi yenu yanapofika.

Assalaam alaykum, na kheri kwenu nyote.

Nawaandikia mimi msikilizaji. Sina kundi, sijawahi kushika fidla, na mambo ya maqam, ile mipango ya sauti ya muziki wa Kiarabu, nayajua kwa sikio tu, sikuyasomea. Kazi yangu ni cherehani. Redio inakaa juu ya kabati la vitambaa, naiwasha nikifungua duka na kuizima nikifunga, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikusimuliwa na mtu. Na kwa kuwa yanazihusu redio nyingi, sitataja jina la hata moja. Atakayejiona humu atakuwa kajiona mwenyewe.

Lalamiko langu ni hili: kipindi cha taarab asilia mmekigeuza kipindi cha simu, na wimbo umebaki kuwa kelele ya nyuma ya mazungumzo ya watu.

Mnajua wenyewe inavyokwenda. Mtangazaji anatangaza kwamba sasa tunarudi kwenye muziki wa enzi, tukae mkao wa kula. Fidla zinaingia kwa pamoja, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inazijibu, mtu unashusha pumzi. Kabla ala hazijamaliza utangulizi wao, maiki imeshafunguliwa: namba zetu za simu ni zile zile, meseji tuma jina lako, mahali ulipo na unaowasalimu. Mwimbaji anaanza, tunaachiwa mistari miwili. Kisha simu inaingia. "Halo? Halo, nani mwenzangu?" "Halo!" "Punguza sauti ya redio yako." "Halo!" "Nasema punguza redio, ndugu yangu, tunasikia mwangwi." Kimya. Tunasikia mlango, tunasikia jogoo, tunasikia mtu akimwambia mtoto azime redio. Wakati huo mwimbaji yuko ubeti wa pili, sauti yake imeshushwa mpaka chini, anaimba kama aliyefungiwa chumba cha uani.

Hebu tulifikirie jambo hilo kidogo. Mtu kapiga simu kwenye kipindi cha muziki, na sharti la kwanza analopewa ni azime muziki. Anapokuwa hewani, yeye ndiye mtu pekee katika nchi nzima ambaye mmemhakikishia kuwa hasikilizi kipindi chenu. Na sisi wengine, tunaosikiliza, tunamsubiri.

Akishapata utulivu anawasalimu mama watoto, bodaboda wote wa kituo chake, mwenyekiti wa wasikilizaji, na wewe mtangazaji mwenyewe na fundi mitambo wako. Anaulizwa wimbo anaouchagua. Anataja wimbo, na huo nao ukipigwa anaingia mwingine juu yake. Siku moja nilisikiliza kuanzia salamu za kufungua hadi za kufunga nikingojea wimbo mmoja tu upigwe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haukupatikana. Nilimaliza mikono ya magauni mawili, lakini wimbo mzima sikuusikia.

Mtasema taarab yenyewe ni muziki wa watu kushiriki, sasa huyu bibi analalamikia nini? Ni kweli, na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Nani asiyejua kutunza, kumzawadia mwimbaji pesa akiwa anaimba? Ukumbini mtu anakaa ametulia na khanga yake au baibui lake, anasikiliza. Unafika mstari mmoja, ule ule uliomgusa, anainuka. Anakwenda taratibu kwa mwendo wa ngoma, noti iko mkononi, ameinyanyua watu waione. Anafika mbele, anampa mwimbaji, na pengine anageuka nusu kumtazama mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Hajasema neno. Maneno kayasema mwimbaji, na aliyekusudiwa keshayapata, na waliokaa pembeni yake pia wameyapata. Kisha mtunzaji anarudi kitini na wimbo haukukatika hata kwa pigo moja la dumbak, ile ngoma ndogo. Wapiga fidla hawakuinua macho. Ikiwa mstari umewagusa wengi, mwimbaji anaurudia, maana keshaona kwamba ukumbi unautaka.

Huko ndiko kushiriki kwa watu wa taarab, na ni kushiriki kwa hali ya juu sana. Yule mama aliyetunza ubeti wa tatu ilimlazimu kwanza ausikilize wa kwanza na wa pili. Angeinuka kabla ya wakati, watu wangemcheka. Na mengine yote, ugomvi, mapenzi, wivu, majigambo, yanaingia ndani ya wimbo. Mlilotuletea nyinyi ni jambo jingine kabisa. Kwenu mtu hashiriki mpaka wimbo unyamazishwe kwanza, na wala haimlazimu awe ameusikiliza.

Tena si wimbo wowote. Wengi mnajua lakini naandika kwa ajili ya vijana waliopewa kipindi hiki kwa kuwa hakikuwa na mwenyewe. Ubeti wa wimbo wa taarab kwa kawaida ni mistari mitatu, aghalabu mizani 16 kila mstari, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Mtunzi anaficha. Ubeti wa kwanza anakuonyesha ua, au ndege, au chombo kilichokwenda mrama, wa pili anakizungushia, na mara nyingi ni beti za mwisho ndizo zinazokuonyesha kwamba hapakuwa na ua wala ndege. Mkiukata katikati, mmetupa mafumbo bila ufumbuzi. Mashairi ya mshairi Ahmad Nassir wa Mombasa yaliyoimbwa na mwimbaji Juma Bhalo hayasikilizwi kwa vipande. Kila neno pale limepimwa, na neno moja likifunikwa na "halo" ubeti mzima unapotea.

Na kule kati ya ubeti na ubeti, ambako watangazaji wenu wanadhani hapana kitu kwa sababu hakuna anayeimba, pana kitu. Ndipo ala zinapojibu yaliyosemwa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji anaweza kukaa miaka akijifunza namna ya kupita kutoka maqam moja kwenda nyingine pasi na kumshtua msikilizaji. Anapopita hapo, ndipo mnaposoma meseji.

Juu ya bashraf sitaki hata kuanza, lakini nitaanza. Bashraf ni kipande cha ala tupu kinachofungua taarab. Ndicho kinachowatuliza watu wakae, waache habari za nje, sikio liingie katika usiku ule. Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa Unguja mwaka 1905, limelea wapigaji ambao heshima yao ilikuwa katika bashraf. Redioni siku hizi bashraf mmeifanya zulia la matangazo. Kwa kuwa haina maneno, imeonekana inafaa kuwekwa chini ya tangazo la godoro, chini ya namba za simu na chini ya majina ya walioshinda vocha. Kuna bashraf moja naijua nusu ya kwanza tu, kwa sababu nusu ya pili sijapata kuisikia bila mtu kusemea juu yake.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab wa Unguja, na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Nyumbani, usiku wa taarab, wimbo ulikwenda kadiri watu walivyoutaka. Lakini santuri ya wakati ule, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu. Kwa hiyo wimbo ulifupishwa, au ukagawanywa, nusu huku na nusu upande wa pili, na mwenye gramafoni akainuka kuigeuza. Wale watu walikatwa na mashine. Hawakuwa na la kufanya. Baadaye zikaja kanda za sumaku, redio zikaweza kurekodi wimbo wa dakika 10 na zaidi bila kuukatiza, na ndiyo hazina iliyomo katika maktaba za redio leo. Sasa mna kompyuta inayoweza kupiga wimbo wa saa nzima bila kuguswa. Na leo, bila mashine yoyote kuwalazimisha, mnatupigia vipande vifupi kuliko santuri ya Bombay. Dakika 3 za Siti angalau zilikuwa zake peke yake.

Nisije nikaeleweka kwamba nazidharau salamu. Mimi ni mtu wa kizazi cha kadi za salamu. Zilikuwa zinauzwa madukani, unajaza jina lako na sanduku la posta, unaandika wote unaowasalimu, wimbo unaoutaka na ujumbe wa mwisho, unaipeleka na kungoja wiki hata miezi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Ugua Pole kwa ajili ya walio hospitali, na mgonjwa aliyesikia jina lake alikuwa anapona nusu. Lakini kadi ilisomwa, ikaisha, ndipo muziki ukapigwa. Salamu zilikuwa na nafasi yao na wimbo ulikuwa na nafasi yake. Aliyesalimiwa alipewa na wimbo pia, tena mzima, na ndio uliokuwa zawadi. Siku hizi anapewa jina lake limetajwa haraka juu ya kinanda.

Na wapo ambao salamu hizi ni kamba yao na nyumbani. Jirani yangu ana mwanawe Muscat, anasikiliza kwa intaneti akiwa kazini, na siku anapomtumia mama yake salamu mtaa mzima tunajua. Sitaki anyang'anywe. Ninachotaka ni mama yake asikie salamu zake vizuri, halafu na sisi tusikie wimbo aliouchagua, maana kijana ana sikio, huchagua nyimbo za magwiji wa zamani, Bakari Abeid na Seif Salim.

Najua kuna jambo la pesa na ni aibu kulizunguka. Meseji inayokwenda kwenye namba fupi hugharimu zaidi ya meseji ya kawaida, na mapato yake hugawanywa kati ya kampuni ya simu na redio. Mdhamini naye anataka kuonyeshwa kwamba kipindi kina watu, na simu zikiita ndio ushahidi ulio rahisi. Mtangazaji kijana, asiyejua aseme nini kuhusu wimbo wa mwaka 1960 na kitu, anaona heri simu ziongee. Simlaumu. Hakuna aliyempa karatasi yenye jina la mtunzi. Mmempa kompyuta yenye faili zilizoandikwa "taarab 14" na "taarab ya zamani nzuri", mkamwambia achangamshe kipindi.

Lakini hesabu yenu ina kasoro moja, waheshimiwa. Mnawahesabu wanaopiga simu, na wanaopiga simu ni wale wale. Nimeshawajua kwa majina yao ya utani, mpaka mmoja akikosa wiki moja nashika shavu. Wasiopiga ndio wengine wote. Mimi nina kitambaa mkononi na sindano inakwenda. Kuna mpishi mwenye ngano vidoleni na dereva wa gari la kokoto, kuna mgonjwa aliyelala, na kuna mzee ambaye macho hayasomi tena namba za simu lakini akisikia fidla mbili anakwambia hili ni kundi la Culture na hili ni Ikhwani. Hawa hamuwasikii kwa sababu wanasikiliza. Hawana namna ya kuwajulisha kwamba wamekereka isipokuwa kuzima redio, na mtu akizima redio hailii mlio wowote huko studioni.

Tena si sisi peke yetu. Uingereza BBC ina idhaa nzima ya muziki wao wa asilia wa Kizungu, Radio 3, iliyopewa jina hilo mwaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kipindi chao cha asubuhi kilianza kupokea simu na kusoma meseji za wasikilizaji, na wasikilizaji wa miaka mingi wakaja juu. Wakaandika barua, wakalalamika magazetini, wakasema wanaijua idhaa nyingine ya kupiga soga na wakiitaka wataifungua. Wale wana idhaa ya kutwa kucha na wamelalamika. Sisi tuna saa moja, mara mbili kwa wiki, baada ya taarifa ya habari.

Kura ndiyo nyingine. Wimbo upi mkali zaidi, huu au ule, tuma A au B. Sijui nani aliyewaambia kwamba Bi Kidude wa Unguja na Shakila wa kundi la Black Star la Tanga walikuwa wakishindana. Kila mmoja alikuwa na mji wake, sauti yake na wapigaji wake. Matokeo ya kura hizi tunayajua: zinashinda nyimbo kumi zile zile ambazo kila mtu anazijua, wiki inayofuata zinapigwa tena kwa kuwa zilishinda, na zinashinda tena kwa kuwa zilipigwa. Maelfu ya nyimbo zimelala kwenye kanda, hakuna wa kuzipigia kura kwa sababu hakuna aliyewahi kuzisikia. Na yale mashindano ya vocha, ambayo swali lake ni "taarab ilianzia bara gani", ningeomba yahamishwe yaende kwenye kipindi cha mpira.

Sasa kama mnataka watu washiriki, na mnataka kweli, washirikisheni katika kile wanachokijua. Miji yetu bado ina wazee waliokaa kwenye vikundi. Kuna mtu aliyepiga akordiani miaka ishirini na sasa anauza duka la vyuma, kuna mwanamke aliyekuwa mwitikiaji na hakuna aliyewahi kumwuliza jina. Nyimbo ngapi mnazipiga bila kumtaja mtunzi wa mashairi? Mnasema "wimbo wake" na mnamkusudia mwimbaji, ilhali aliyetunga alikuwa mwalimu wa shule, au karani, au mama wa nyumbani aliyepeleka karatasi yake kwenye klabu kwa siri kwa kuwa mambo yalikuwa ya kweli. Pigeni wimbo wote. Ukiisha, ulizeni: nani anajua ulitungwa na nani, ulipigwa lini mara ya kwanza, na ulikuwa unamsema nani? Hapo simu zitalia, nawaambia, na zitakazolia hazitakuwa za wale wale. Mkiogopa ugomvi, kwa sababu baadhi ya waliosemwa bado wako hai, basi mtakuwa mmejua kwamba taarab yenu imerudi.

Ninachoomba si kikubwa. Wimbo ukianza, maiki ifungwe mpaka ala ya mwisho inyamaze. Jingo la redio lisiingizwe katikati ya ubeti; tunajua tuko redio gani, sisi ndio tuliofungua. Salamu zisomwe kabla au baada, hata kwa robo saa nzima mfululizo, mtu apate na kikombe chake cha chai. Bashraf ipigwe kama bashraf. Na faili zile mtafute mtu azipe majina, jina la mwimbaji, la mtunzi, la kundi na mwaka kama unajulikana, wakati wapo watu wanaoweza kuwaambia.

Kama yote hayo ni mengi kwa mara moja, anzeni na usiku mmoja. Alhamisi moja, saa moja, simu zimefungwa, mtangazaji anataja tu kinachokuja na kilichopita. Muwaambie wasikilizaji mapema ili wanaopenda simu wasione wametengwa. Mkiona hakuna aliyesikiliza, rudini kwenye halo zenu na mimi sitaandika tena. Lakini msipime kwa meseji zilizoingia usiku huo, maana zitakuwa chache. Piteni madukani asubuhi yake, muulize.

Nasubiri jibu lenu, na kwa kuwa najua mtapenda kunijibu hewani, naomba lisomwe baada ya wimbo.

Wassalaam,
Fundi wa cherehani, msikilizaji wenu,
Ng'ambo, Unguja